Sauti ya Pili Katika Albamu ya Mjomba

Mjomba wangu alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu, hapa Kasongo, akiwa amekumbatia gunia la mchele lisilo na mchele. Ndani yake kulikuwa na gitaa lake la umeme lililofungwa kwa kitenge, na bafle moja ndogo, spika yake, iliyochanika karatasi yake ya katikati. Alikuwa ametoka Salamabila. Matope yalimweka siku mbili njiani. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani kama limeanikwa. Hakuomba hata maji.

"Mwipwa wangu," alisema, "nimekuja kufanya albamu. Nataka sauti yako."

Nilicheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku hiyo nilikuwa na madaftari ya darasa zima mezani, na mara ya mwisho kuimba mbele ya watu nilikuwa msichana wa madrasa, naimba kaswida siku ya Maulidi.

"Albamu ya nini, Mujomba? Kwa umri huu?"

"Kwa umri huu ndiyo," alisema, akakohoa. Kikohozi kilimkamata muda mrefu hadi akashika mti wa uzio. Nikaacha kucheka.

Katika familia yetu gitaa halikuwa heshima. Babu alikuwa mtu wa msikiti, na mjomba alipokuwa kijana alililaza gitaa lake kwa jirani ili lisiingie nyumbani. Alipiga katika orkesta za hapa Kasongo, akaenda Kindu, akarudi, akakaa Wamaza miaka mingi akipiga katika baa ya pale, mwisho akaishia Salamabila. Kule machimbo ya dhahabu yamekusanya watu wa kila upande wa mashariki, na wanapenda muziki wenye kelele. Nyimbo zote alitunga yeye mwenyewe. Watu walizijua, waliziimba, lakini hazikuwahi kurekodiwa hata moja. Ziliishi midomoni mwa walevi na wachimbaji, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa au kuhama.

Kwangu mimi mjomba hakuwa mwanamuziki kwanza. Alikuwa mtu aliyemzika mama yangu.

Hilo lazima nilieleze. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, mama alienda Wamaza kuuza chumvi na sabuni na kununua karanga, kama alivyofanya kila mavuno. Mimi alinibakisha hapa Kasongo kwa dada yake, mama mkubwa. Vita vikaingia upande ule. Kwa wiki mbili hatukusikia kitu. Kisha asubuhi moja mjomba akatokea barabarani peke yake, anasukuma baiskeli, miguu imevimba. Mama mkubwa alimwona tu, akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi.

Mjomba alitueleza kwamba walikimbia Wamaza pamoja. Mama alianguka kwenye daraja la magogo, kifundo cha mguu kikavunjika, homa ikamkamata njiani. Alifariki siku ya tatu, kabla ya jua kuwaka sana. Mjomba alimwosha kwa maji ya kijito, akamfunga katika kitenge chake cha kijani, akachimba kwa jembe la kuazima, akamlaza akielekea kibla, akasoma anachokijua. Aliweka mawe matatu, moja kubwa na mawili madogo. Nilimuuliza kama mama alisema kitu. Akasema, "Alikutaja. Akasema usome." Basi nikasoma. Kila nilipochoka kusoma nilifunga macho, nikayaona yale mawe matatu na maji yanayopita karibu. Tulisoma hitima. Watu walimshika mjomba mkono, wakamwambia: umefanya kazi ya mwanamume.

Kwa hiyo alipoomba sauti yangu sikuweza kukataa. Nilimwambia bwana yangu kwamba nitakuwa natoka shuleni mchana nakwenda studio. Bwana yangu ni mtu mpole. Aliuliza tu, "Studio gani? Kasongo iko na studio?"

Ilikuwapo, kama ukitaka kuiita hivyo. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu wa rika langu, aliyewahi kufanya kazi ya redio na sasa anatengeneza simu. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba alichokibandika magodoro ya zamani na mablanketi kila ukuta, na hata mlangoni. Alikuwa na kompyuta moja, mikro mbili za kuimbia, na jenereta aliyoifukia nusu kwenye shimo mbali na nyumba ili isisikike. Paa lilikuwa la mabati, kwa hiyo mvua ikinyesha kazi inasimama. Joto la mle ndani sijui nilifananishe na nini. Tulitoka tumelowa kama tuliovuka mto.

Wapigaji walikuwa wawili zaidi. Mpiga ngoma alitoka katika fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, ya kanisa moja la hapa, mtu mnene, mcha Mungu, aliyekuwa akiomba kabla ya kila wimbo. Mpiga besi alitoka Lusangi, mkulima wa mpunga, aliyewahi kupiga na mjomba ujanani. Alikuja kwa miguu na viazi vitamu kwenye mfuko.

Siku ya kwanza yule wa besi alianza kupiga rumba, kwa mazoea tu, vile vidole vyake vilivyojua. Mjomba akamsimamisha.

"Hapana. Si rumba."

"Sasa ni nini?"

"Roki. Ngoma nzito, mbele moja kwa moja. Gitaa lipige kelele."

"Watu wa Kasongo watacheza namna gani?"

"Wasicheze. Rumba ni ya watu wawili, mutu na mutu mwenzake, mikono kiunoni. Mimi niko mumoja."

Akaiwasha ile bafle iliyochanika. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama bati linaloburutwa juu ya mawe, lakini ndani yake kulikuwa na wimbo. Alisema Salamabila alijaribu kuibandika ile karatasi kwa gundi, sauti ikawa safi, akaichana tena. Mpiga ngoma alipiga kwa nguvu zote za mwili wake ule, na nywele zikanisimama mikononi. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kama kile kutoka kwa mtu wa kwetu.

Zile siku za kwanza zilikuwa nzuri. Naziandika kwa sababu ni kweli, ingawa nilichojua baadaye kilizichafua. Mjomba alikuwa na sauti iliyokwisha, yenye nyufa, lakini alijua kuitumia: alikuwa anaiacha ipasuke pale neno linapouma. Alitunga juu ya mashimo, juu ya wanaume waliofukiwa na udongo na wenzao wakaendelea kuchimba shimo la pembeni kesho yake. Alitunga juu ya mke wake aliyemwacha akaenda Kalemie. Mimi niliimba sauti ya pili, juu ya yake, na fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Mjomba alinipa maneno kwenye karatasi siku moja kabla. Tulimaliza nyimbo sita.

Wimbo wa saba hakunipa karatasi.

"Utausikia kwanza," alisema. "Wewe uko na mstari mumoja tu. Ni swali. *Kaka yangu, njia iko mbali?* Unaimba mara nne."

Nikafurahi kwamba ni rahisi. Nikavaa vile visikizio vya masikioni. Fundi akaonyesha kidole, mpiga ngoma akaanza polepole, polepole kuliko nyimbo zote, na mjomba akaimba:

*Nilisema nilikuosha, sikukuosha.*
*Nilisema nilikufunika, sikukufunika.*
*Nilikuacha mlangoni mwa watu,*
*nikasema narudi, sikurudi.*

Ilifika zamu yangu, nikaimba. Hilo ndilo jambo ambalo sijalielewa hadi leo. Nilikuwa nimesikia maneno lakini hayakuwa yamefika. Niliimba, "Kaka yangu, njia iko mbali?" kwa sauti nzuri ya kaswida. Ubeti wa pili ulitaja kitenge cha kijani. Ubeti wa tatu ulitaja mawe matatu ambayo mikono yake haikuyabeba. Hapo ndipo yalifika.

Nilivua vile vya masikioni. Mpiga ngoma aliendelea kidogo kwa sababu alikuwa amefumba macho.

"Mujomba," nikasema, "huu ni wimbo wa nani?"

Aliweka kiganja juu ya nyuzi za gitaa. Fundi akazima. Tukasikia jenereta shimoni kwake.

"Nakuuliza. Huu ni wimbo wa nani?"

"Wa mama yako," akasema.

Nilitoka. Akanifuata hadi kwenye uzio, polepole, kwa sababu kifua hakikumruhusu kukimbia. Kulikuwa na jua kali na kuku wa fundi wanachakura. Aliongea akiangalia kuku.

"Mguu ulivunjika kweli. Homa ilikuja kweli. Nilimubeba mugongoni siku moja na nusu. Tukafika kwa kijiji kimoja, watu wengi wamekwisha kukimbia, wazee tu ndio walibakia. Nikamukalisha kwa nyumba ya mama mumoja. Nikamwambia, ngoja, naenda kutafuta baiskeli, narudi kukuchukua."

"Na hukupata baiskeli."

Ndipo nikakumbuka baiskeli aliyokuwa akiisukuma asubuhi ile.

"Nilipata," akasema. "Niliipata mbele kidogo, kwa mutu niliyemujua. Niligeuza kurudi. Kisha nikasikia masasi ya bunduki upande ule. Nikasimama katikati ya njia. Nilisimama muda mrefu, mwipwa wangu. Kisha nikageuza tena."

"Ulituambia alikufa."

"Nilifikiri amekufa."

"Ulituambia ulimwosha. Ulituambia alinitaja!"

"Ningesema nini?" akasema. "Ulikuwa mutoto. Dada alikuwa amekaa chini kwa vumbi. Ningewaambia nini?"

Nilimpiga. Sijawahi kumpiga mtu mzima kabla ya siku hiyo wala baada. Nilimpiga kifuani kwa mikono yote miwili, mahali palepale panapomuuma, na yeye hakujikinga. Kisha nikaenda nyumbani.

Yeye alirudi Salamabila kesho yake. Aliacha gitaa kwa fundi.

Kwa wiki kadhaa nilifundisha kama mashine. Niliandika ubaoni, nikafuta, nikaandika. Jambo lililonitesa si kwamba alimwacha. Hata hilo, ukilifikiria sana, unaweza kumweka mtu njiani na masasi mbele yake na kumwelewa robo. Kilichonitesa ni kwamba yale mawe matatu hayakuwapo. Miaka kumi na saba nilikuwa na mahali pa kumweka mama, na sasa nilifunga macho nikaona mlango wa nyumba nisiyoijua na yeye amekaa hapo. Mama mkubwa sikumwambia. Nilimwambia bwana yangu tu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nenda uulize. Ukikaa hapa utajitungia mambo mabaya kuliko yaliyokuwa."

Alikosea katika hilo, lakini alisema kwa wema.

Likizo ilipofika nilichukua pikipiki upande wa Wamaza. Dereva alikuwa mtu mzima, anaijua njia, na mahali pengine tulishuka tukaisukuma pamoja. Mjomba alinitumia jina la kijiji kwa simu, ujumbe wa neno moja bila salamu. Tulifika mchana. Ni nyumba chache, mihogo inaanikwa, michikichi nyuma. Nilisema ninachotafuta, watu wakanionyesha mama mzee mmoja anayechambua maharagwe.

Niliongea naye Kibangubangu, kwa sababu mama yangu alinifundisha hivyo: ukifika kwa watu, waongeleshe kwa lugha yao. Yeye alinijibu Kiswahili, labda alinihurumia kwa namna nilivyokuwa naivunja.

"Mama wa Kasongo," alisema. "Tulimwita hivyo. Wewe ni mutoto wake?"

"Ndiyo, mama."

Alisogeza ungo, akanipa nafasi kwenye mkeka. Alieleza bila haraka, anaendelea kuchambua.

Mama hakufa siku ile. Alikaa siku tatu. Yale masasi aliyoyasikia mjomba yalipita mbali, upande wa mto, na kijiji hakikuguswa. Siku ya kwanza mama aliomba kiti, akaomba kiwekwe mlangoni aione njia. Alisema kaka yake amekwenda kuleta baiskeli. Siku ya pili homa ilimpanda, aliomba maji tu, maji, maji, lakini alikataa kuingizwa ndani. Alisema kaka akija akikuta kiti kitupu atafikiri amekwenda. Siku ya tatu hakuomba kitu.

"Alikuwa anauliza," yule mama alisema, "kila mutu akipita njiani: mumekutana na baiskeli?"

Nilimuuliza mlizika wapi. Alinipeleka nyuma ya shamba la kahawa lililoachwa. Wiki ile walikufa watatu pale, wote wageni waliokuwa wanakimbia, na wanaume wa kuchimba walikuwa wachache. Matuta yalikuwa yamekwisha kulala, majani yameota juu. Alisimama, akaangalia, akaangalia tena.

"Iko kati ya hawa," alisema. "Yupi ni yupi, sitakudanganya. Tulikuwa na woga. Hatukujua kama ni Muislamu. Tulimuimbia wimbo wa kanisa, mumoja, kwa sauti ya chini."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, na nilimwachia kitenge nilichokuwa nimevaa juu. Alikuwa amefanya kwa mgeni zaidi ya alivyofanya ndugu. Lakini nilipopanda pikipiki, dereva aliponiuliza kama tunarudi Kasongo, nilisema hapana. Twende Salamabila.

Sikuwa na nia njema. Nataka hilo lijulikane. Nilitaka kumwambia ili aumie.

Alikuwa anaishi katika chumba cha mbao na turubai, katikati ya vyumba vingine kama hivyo, pikipiki zinapita mlangoni mchana kutwa. Nilimkuta amelala, kikombe cha kutemea kiko kando. Vumbi la kusaga mawe ndilo lilimla kifua. Alipokosa kazi ya muziki alisaga mawe ya dhahabu kama wengine wote. Aliponiona alijaribu kukaa.

"Umefika kule," alisema.

"Nimefika."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama mwalimu, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Nilimwambia masasi yalipita mbali. Nilimwambia juu ya kiti. Nilimwona anapokea kila neno, mdomo umefunguka kidogo, na mimi sikupunguza kitu.

Nilipomaliza hakulia. Alinyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa daftari la shule na kalamu.

"Siku ya kwanza aliomba kiti," alisema. "Rudilia. Siku ya pili?"

Nilimwangalia. "Unaandika?"

"Rudilia, tafazali."

"Mama yangu amekufa akikungoja, na wewe unaandika wimbo?"

"Nisipoandika," alisema, "nitaanza kusema uongo tena. Ninajijua. Baada ya mwezi mumoja kiti kitakuwa kimetoka. Baada ya mwaka nitasema alikufa siku ile ile. Rudilia, mwipwa wangu. Niandike vile ilikuwa."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikarudia. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, na mahali fulani aliandika vibaya, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamsahihisha.

Miezi miwili baadaye fundi alinitumia ujumbe kwamba mjomba amerudi, wanamalizia, na kwamba wimbo wa saba bado hauna sauti ya pili. Mjomba alikuwa amesema asinilazimishe. Kama sitaki, watamchukua dada mmoja wa kwaya. Nilifikiri siku nzima juu ya yule dada wa kwaya. Sauti yake naijua, ni nzuri kuliko yangu. Nilifikiri: huyu ataingia pale, ataimba swali la mama yangu, atatoka aende sokoni. Nikavaa viatu nikaenda.

Sikumsalimia mjomba zaidi ya salamu ya kawaida. Alikuwa amekaa kwenye kiti, hawezi kuimba amesimama. Ubeti mpya ulikuwa mwishoni:

*Siku ya kwanza uliomba kiti.*
*Siku ya pili uliomba maji.*
*Siku ya tatu hukuomba kitu,*
*na baiskeli ilikuwa mkononi mwangu.*

Niliimba mara nne kama ilivyoandikwa. Mara ya nne sauti ilikatika kabla ya neno la mwisho, na gitaa likaendelea peke yake. Fundi alisema turudie, mara moja tu, pale mwisho.

"Acha," mjomba alisema.

"Lakini neno halikusikika."

"Acha hivyo."

Albamu ilitoka na nyimbo tisa. Kutoka huku kwetu maana yake ni kwamba fundi aliwapa wenzake wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu, na wao wakawapa wengine, na baada ya muda mfupi ulikuwa unaisikia Lusangi, Wamaza, hadi kule mashimoni. Wazee walisema ni kelele. Vijana walisema mzee ana moto. Wimbo wa saba ndio uliopigwa kuliko yote, kwa sababu kila nyumba ya upande huu ina mtu aliyeachwa njiani, au mtu aliyemwacha. Wanawake walikuwa wananisimamisha sokoni, wananishika mkono, wanakwenda zao.

Mama mkubwa aliusikia kwa jirani. Alimwita mjomba, akawaita na wazee wa familia na shehe. Mjomba alikuja akishikiliwa na bwana yangu. Alisema yote mbele yao, na safari hii hakukuwa na gitaa.

"Tulisoma hitima," mama mkubwa alisema. Hakupandisha sauti. "Nilipika. Nilikupa nyama ya kwanza mimi mwenyewe, nikasema huyu ndiye aliyemzika mdogo wangu. Ukaila."

"Niliila, dada."

Alimtemea mate miguuni, akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee mmoja alimuuliza shehe kama dua zile za zamani zilipotea bure, kwa kuwa zilisomwa juu ya uongo. Shehe alifikiri, akasema, "Mungu hakudanganywa. Ninyi ndio mulidanganywa."

Mjomba hakuweza tena kurudi Salamabila. Alilazwa hospitali hapa Kasongo, na kwa kuwa mama mkubwa alikataa kabisa kumwona, nilibaki mimi. Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea uji, na jioni mchele na sombe, majani ya mihogo, iliyopondwa laini. Watu walisema nimemsamehe. Sikumsamehe. Nilimpikia uji. Hatukuongea sana. Siku moja aliniuliza kama naweza kumwekea ule wimbo kwenye simu. Nikamwekea. Ulipofika kwenye swali, aligeuza uso ukutani, na nikaona mgongo wake, mifupa yote, mgongo ambao ulimbeba mama siku moja na nusu. Nilizima kabla haujaisha. Hakuniomba niendelee.

Alikufa Alhamisi, wakati niko darasani. Ijumaa, baada ya swala, alizikwa. Msikiti ulijaa hadi nje. Walikuja wapenzi wa muziki, wachimbaji waliosafiri kwa pikipiki, yule mcha Mungu wa fanfari na mkulima wa Lusangi wakasimama pembeni na kofia mikononi. Alioshwa kwa maji ya uvuguvugu na watu wanaojua kuosha. Alivishwa sanda nyeupe mpya. Aliwekwa kibla sawasawa. Sisi wanawake tulikaa nyumbani, na wengine walikuwa wananifariji, wakidhani nalia kwa ajili yake. Nilikuwa naona wivu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea maiti wivu. Kila kitu alichodanganya kwamba alimfanyia mama, yeye alifanyiwa kweli, na hakuna kilichopunguzwa.

Mama mkubwa hakulia siku ile. Baada ya arobaini alinijia nyumbani, akaniuliza kama yale matuta matatu bado yako. Nikasema yako, lakini hatujui yupi ni yupi.

"Tutayasomea yote," alisema. "Wale wengine nao wana dada zao mahali."

Tulipanga kwenda kiangazi. Kabla ya kiangazi njia ikafungwa tena. Watu wenye silaha wameonekana upande ule, pikipiki zinaishia katikati na kurudi. Sijui kama yule mama wa maharagwe bado yuko kijijini au amekimbia. Simu haishiki kule. Mama mkubwa ameshona sanda tatu za kitambaa cheupe, ingawa nimemweleza kwamba hatutamfukua mtu. Anasema anajua. Amezikunja kwenye sanduku, na kila Ijumaa akitoka kusali anapita kwangu, anasimama mlangoni, haingii.

"Njia?" anauliza.

"Bado, mama," namwambia.